Mimi na Ni-: Juu ya Kulinganisha Viwakilishi vya Nafsi katika Kiswahili na Lugha Nyingine

1. Utangulizi

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya shule, somo la viwakilishi vya nafsi huanza na kuishia katika jedwali la maneno sita: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao. Iwapo kitabu kimekusudiwa wageni, upande wa pili wa jedwali hujazwa maneno ya Kiingereza: I, you, he au she, we, you, they. Msomaji huachwa na imani kwamba pande hizi mbili zinalingana, na kwamba kilichobaki ni kukariri tu.

Mpangilio huu wa nafsi tatu katika umoja na wingi ulirithiwa kutoka kwa sarufi za Kigiriki na Kilatini. Uliingia katika maandishi ya sarufi ya Kiswahili kwa mikono ya wamisionari, miongoni mwao Ludwig Krapf, aliyechapisha muhtasari wake wa sarufi mwaka 1850, na Edward Steere, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1870. Itakuwa si haki kuwalaumu watu hao kana kwamba hawakuviona viambishi vya kitenzi. Waliviona na wakaviorodhesha. Taabu imetokea baadaye, pale jedwali la maneno sita lilipotengwa na sura ya kitenzi, likafundishwa kana kwamba ndilo linalobeba habari yote ya nafsi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jedwali hilo, ingawa halina neno la uongo ndani yake, hulinganisha vitu visivyolingana. Mwenzake "I" wa Kiingereza katika Kiswahili si "mimi", bali ni kiambishi "ni-". Kosa hili dogo la kupanga maneno mahali pasipo pake lina matokeo makubwa: huharibu insha za wanafunzi, huwapotosha wafasiri, na hata huwafanya wageni waonekane hawana adabu ilhali hawakukusudia hivyo. Ili kulithibitisha jambo hili, Kiswahili kitalinganishwa na baadhi ya lugha zisemwazo au kufundishwa nchini Kenya, yaani Kidholuo, Kikuyu, Kisomali, Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, pamoja na Kichewa cha Malawi.

2. Tabaka mbili za nafsi

Yafaa kwanza zitofautishwe tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya viwakilishi huru, yaani maneno kamili yawezayo kusimama peke yake: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao. Tabaka ya pili ni ya viwakilishi tegemezi, yaani viambishi visivyoweza kutamkwa bila ya kitenzi. Katika nafasi ya kiima viambishi hivyo ni ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Katika nafasi ya yambwa ni -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-, -wa-.

Tazama sentensi hizi mbili:

(1) Ninakwenda.
(2) Mimi ninakwenda, wewe unabaki.

Sentensi ya (1) haina upungufu wowote. Msikilizaji hatauliza ni nani aendaye, kwa kuwa kitenzi kimekwisha kumwambia. Katika sentensi ya (2) neno "mimi" halikuongeza habari juu ya mtendaji. Limeongeza mpambano baina ya watu wawili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kubaki. Kwa hiyo kazi ya kutaja nafsi ni ya kiambishi, na kazi ya kuikaza nafsi hiyo au kuipambanua na nyingine ni ya neno huru.

Mgawanyo huu wa kazi si wa Kiswahili pekee. Katika Kidholuo, ambacho si lugha ya Kibantu, hali ni hiyo hiyo. Mjaluo husema "Adhi" kwa maana ya "ninakwenda", na kiambishi a- kinamtosha. Akitaka kupambanua atasema "An adhi, in idong'", yaani mimi ninakwenda, wewe unabaki. Maneno an, in, en, wan, un, gin ndiyo viwakilishi huru vya lugha hiyo, na viambishi a-, i-, o-, wa-, u-, gi- ndivyo viwakilishi tegemezi. Mkikuyu naye husema "Nĩngũthiĩ", na huongeza "niĩ" mbele yake anapotaka kuikaza nafsi. Mwarabu husema "katabtu", yaani niliandika, na nafsi imo katika kiambishi tamati -tu. Akisema "ana katabtu" amekaza kwamba mwandishi ni yeye na si mwingine.

Mfano wa Kifaransa una faida ya pekee, kwa sababu maandishi ya lugha hiyo yanauficha ukweli wake. Neno "je" huandikwa mbali na kitenzi, na kwa ajili hiyo hudhaniwa kuwa ni neno huru kama "mimi". Lakini Mfaransa akiulizwa ni nani aliyebisha hodi, hawezi kujibu "je"; hana budi kujibu "moi". Aidha, baina ya "je" na kitenzi hapawezi kuingia kitu isipokuwa vijineno vingine tegemezi. Na akitaka kupambanua husema "Moi, je pars; toi, tu restes". Ulinganifu na sentensi ya (2) ni kamili: "moi" ni mimi, "je" ni ni-, "toi" ni wewe, "tu" ni u-. Lau Wafaransa wangeandika lugha yao kama inavyoandikwa Kiswahili, labda "je" ingeunganishwa na kitenzi, na mwanafunzi wa Kenya asingepata taabu ya kuielewa.

Kiingereza ndicho kilicho tofauti na lugha zote zilizotajwa. Kitenzi chake kimepoteza karibu alama zote za nafsi, hata "I" ikalazimika kutokea katika kila sentensi. Basi Mwingereza akitaka kuikaza nafsi hana neno la pili la kutumia katika nafasi ile ile, hukaza sauti. Kile ambacho Mswahili hukifanya kwa kuongeza neno, Mwingereza hukifanya kwa kupandisha sauti juu ya neno lililokuwapo tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo "I" isiyokazwa yafaa kufasiriwa kwa kiambishi peke yake, na "I" iliyokazwa kwa "mimi" pamoja na kiambishi. Maandishi ya kawaida ya Kiingereza hayaonyeshi tofauti hii ya sauti, na hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa.

Inafaa kuongeza neno juu ya umbo la viwakilishi huru vya Kiswahili. Ukivichunguza utaona kwamba vitano kati ya sita vimeundwa kwa kurudufu silabi moja: mi-mi, we-we, ye-ye, si-si, nyi-nyi. Mzizi wenyewe huonekana bila ya kurudufiwa unapounganishwa na kiungo kingine: nami, nawe, naye, nasi, nanyi; ndimi, ndiwe, ndiye. Katika mazungumzo ya kila siku nao husikika ukiwa peke yake: "mi sitaki", "we njoo". Neno la Kiswahili hupenda silabi mbili au zaidi, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mzizi wa silabi moja hupewa mwili kwa kurudiwa. Kwa maneno mengine, hata umbo la "mimi" linaonyesha kwamba ni neno lililonenepeshwa ili liweze kusimama peke yake.

3. Je, kiambishi ni alama ya upatanisho tu?

Huenda msomaji akapinga kwamba ni- na tu- si viwakilishi bali ni alama za upatanisho wa kisarufi, sawa na ki- katika "kiti kimevunjika". Kwa mujibu wa hoja hiyo, kiima halisi ni "mimi" kilichodondoshwa, na kiambishi ni kivuli chake tu. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini tazama sentensi hizi:

(3) Wakenya wanapenda amani.
(4) Wakenya mnapenda amani.
(5) Wakenya tunapenda amani.

Nomino ni ile ile katika sentensi zote tatu, wala hakuna kiwakilishi huru hata kimoja. Lakini katika (3) msemaji anawazungumzia watu wengine. Katika (4) anawaambia wasikilizaji wake. Na katika (5) amejitia miongoni mwao. Habari hii haikutoka katika nomino, kwa sababu nomino haina alama ya nafsi. Imetoka katika kiambishi pekee. Kivuli hakiwezi kuwa na umbo ambalo mwenye kivuli hana. Kiingereza hakiwezi kuifasiri sentensi ya (5) bila ya kuingiza neno "we" mbele ya nomino. Kihispania, ambacho kitenzi chake hubeba nafsi kama cha Kiswahili, huisema kama inavyosemwa na Waswahili, bila ya kuongeza neno.

Wanaisimu wa nadharia wamelishughulikia suala hili kwa kina. Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo walichapisha uchunguzi wao juu ya Kichewa, wakadai kwamba kiambishi cha yambwa katika lugha hiyo ni kiwakilishi hasa kilichoingizwa ndani ya kitenzi, na kwamba kiambishi cha kiima kina tabia mbili: pengine ni alama ya upatanisho, pengine ni kiwakilishi. Kiswahili hakifanani na Kichewa katika kila jambo. Katika Kiswahili, nomino ya mtu mahsusi ikiwa yambwa, kwa kawaida huandamana na kiambishi chake: husemwa "Nilimwona Juma", wala si "Niliona Juma". Hapo kiambishi -m- kinaelekea upande wa upatanisho. Lakini katika "Nilimwona" peke yake, -m- ndicho kinachomrejelea mtu aliyeonwa. Basi kiambishi cha Kiswahili kina uwezo wa kufanya kazi zote mbili, na sarufi inayokiita alama ya upatanisho tu inaitaja nusu ya kazi yake.

4. Mahali ambapo kiwakilishi huru hakikwepeki

Haimaanishwi kwamba viwakilishi huru ni mapambo. Yapo mazingira ambamo sentensi haikamiliki bila ya kuvitumia, na mazingira hayo yana kanuni moja: kiwakilishi huru huhitajika pale ambapo kitenzi hakikuweza kuibeba nafsi, au kilipoibeba kwa namna yenye utata.

Kwanza, katika sentensi za "ni" na "si". Neno "ni" halibadiliki kwa nafsi, na kwa hiyo husemwa "Mimi ni mwalimu", "Wewe si mgeni". Maumbo ya kale kama "u mgeni" na "tu wageni" yangali yakitumika katika lugha ya kifasihi, na yanapotumika, kiwakilishi huru hupoteza ulazima wake. Kiarabu nacho kina sentensi zisizo na kitenzi, na humo kiwakilishi huru huwa cha lazima: "ana ṭālib", yaani mimi ni mwanafunzi.

Pili, pamoja na kiambishi hu- cha mazoea. Kiambishi hiki hakichukuani na viambishi vya nafsi. "Huamka alfajiri" inaweza kuwa juu ya mtu yeyote. Ndiyo maana husemwa "Mimi huamka alfajiri" au "Sisi huamka alfajiri", isipokuwa muktadha uwe umekwisha kuonyesha nafsi.

Tatu, mahali pasipo na kitenzi kabisa: katika kujibu swali la "Nani?", na baada ya maneno kama "kama", "kuliko" na "ila".

Nne, mahali penye utata wa -wa-. Kiambishi cha yambwa cha nafsi ya pili wingi kimefanana na cha nafsi ya tatu wingi, hata sentensi "Nimewaona" ikawa na maana mbili. Lugha imejipatia njia za kuuondoa utata huo. Njia moja ni kuongeza kiwakilishi huru: "Nimewaona nyinyi" au "Nimewaona wao". Njia ya pili ni kuongeza kiambishi tamati -ni, kama katika "Nawaambieni" na "Nakuambieni", ambapo nafsi ya pili hubainika bila ya msaada wa neno la ziada. Njia hii ya pili ni ya kale na ya fasaha, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule havikuipa nafasi.

Tano, katika masimulizi, kiwakilishi hutumika kuonyesha kwamba mtendaji amebadilika. Katika "Juma alimwita Ali, naye akaja", aliyekuja ni Ali. Bila ya "naye", msomaji angesita kidogo kabla ya kumtambua mtendaji.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "I" ni "mimi" hana habari ya mazingira haya. Huandika: "Mimi nilikwenda sokoni. Mimi nilinunua samaki. Mimi nilirudi nyumbani." Mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba lugha si fasaha, lakini hana kanuni ya kumweleza mwanafunzi, kwa kuwa jedwali alilotumia mwenyewe darasani ndilo lililoleta sentensi hizo. Kila "mimi" katika insha hiyo inamwahidi msomaji mpambano na mtu mwingine, na mtu huyo hatokei.

5. Nafsi ya tatu: jinsia na ngeli

Mwaka 1946 mwanaisimu Émile Benveniste alitoa hoja kwamba nafsi ya tatu si nafsi sawa na zile mbili za kwanza. "Mimi" na "wewe" hukutana katika tendo la kuzungumza na huweza kubadilishana zamu. "Yeye" ni yule au kile kisichokuwamo katika mazungumzo. Lugha za Kibantu zinaipa hoja hii ushahidi mzuri. Viambishi ni-, u-, tu-, m- havimo katika orodha ya ngeli. Lakini a- na wa- za nafsi ya tatu ndizo viambishi vya ngeli ya watu na wanyama, na ziko safu moja na ki-, vi-, li-, ya- na nyinginezo. Nafsi ya tatu ya Kiswahili, kwa hiyo, ni mlango wa kuingilia katika mfumo wa ngeli.

Kutokana na hayo, ile kauli isikikayo mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina neno la "it" yahitaji kurekebishwa. Tuchukue mfano wa kisu:

(6) Kimepotea. Nilikuwa nacho jana. Nimekitafuta kila mahali.

Kisu kimetajwa mara tatu kwa viwakilishi tegemezi: ki- ya kiima, -cho iliyoungana na "na", na -ki- ya yambwa. Kiingereza kingetumia "it" mara tatu, na lau vitu viwili vingekuwa vikizungumzwa kwa pamoja, tuseme kisu na shoka, Mwingereza angelazimika kutaja majina tena ili kuondoa utata. Mswahili hutofautisha "kimepotea" na "limepotea" bila ya kutaja jina lolote. Kiswahili basi hakikukosa "it". Kina nyingi, moja kwa kila ngeli. Kilichokosekana ni neno huru la nafsi kwa ajili ya vitu, na mahali pake huchukuliwa na vionyeshi kama "hicho" na "kile".

Katika upande wa jinsia, lugha zetu zimegawanyika. Kiarabu sanifu kina viwakilishi huru kumi na viwili, kwa sababu hutenganisha mwanamume na mwanamke hata katika nafsi ya pili, anta na anti, na kina umbo la watu wawili, antuma na huma. Kisomali hutenganisha isaga, mwanamume, na iyada, mwanamke. Kifaransa huita meza "elle" kwa sababu za sarufi ya nomino. Kiswahili, Kikuyu na Kidholuo havina tofauti hiyo: "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na "en" ya Kidholuo ni hivyo hivyo.

Mfasiri hukabiliwa na matatizo mawili yanayopingana. Akifasiri "Daktari amefika. Anasema mgonjwa wake amepata nafuu" kwa Kiingereza, hulazimika kuamua iwapo daktari ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo mwandishi hakulisema. Mitambo ya kutafsiri nayo haikwepi uamuzi huo. Wapo Waingereza na Wamarekani wanaotumia "they" kwa mtu mmoja ili kuepuka kuchagua. Matumizi haya ni ya karne nyingi, na mwaka 2019 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster waliliteua neno hilo kuwa neno la mwaka. Akifasiri kinyume chake, kutoka Kiingereza, hupoteza tofauti aliyopewa. Mazungumzo ya mume na mke yaliyoandikwa kwa "he said" na "she said" huwa "alisema" na "alisema". Baadhi ya wafasiri hujaribu kuokoa hali kwa kuongeza "yeye", lakini "yeye" haina jinsia wala haiongezi kitu. Dawa yake imo katika nomino: bwana yule, mkewe, kijana, binti, au jina la mtu mwenyewe. Wasimulizi wa hadithi za Kiswahili hawajapata kushindwa kutenganisha wahusika wao. Walitumia majina mahali ambapo Mwingereza hutumia viwakilishi.

6. "Sisi" ni nani?

Jedwali la maneno sita lina upofu mwingine usioonekana mpaka Kiswahili kilinganishwe na lugha yenye utaratibu tofauti. Kisomali kina "sisi" mbili. Annagu ni sisi bila ya wewe unayeambiwa; innagu ni sisi pamoja na wewe. Tofauti hii imo pia katika viwakilishi vifupi vinavyoungana na "waa": "Waannu tagaynaa" ni tunakwenda, wewe humo, "Waynu tagaynaa" ni tunakwenda, nawe umo. Msomali hawezi kusema "sisi" kabla ya kuamua iwapo msikilizaji wake yumo au hayumo.

Kiswahili hakikulazimisha uamuzi huo. Mwenyekiti asemaye "Tumekubaliana kwamba mchango uongezwe" huwaacha wanachama wakijiuliza kama wao ni miongoni mwa waliokubaliana. Utata huu una manufaa kwa msemaji, na haukosi madhara kwa msikilizaji. Mtu anayeifasiri kauli hiyo kwa Kisomali hana budi kuuliza kwanza.

Hata hivyo, Kiswahili hakikukosa njia zake. "Twende" husemwa kwa msikilizaji mmoja, na "Twendeni" kwa wasikilizaji wengi. Kiambishi -ni kinawataja waalikwa waziwazi na kuwajumlisha katika safari. Pia upo muundo ambao vitabu vya shule havikuueleza vya kutosha: "Tulikwenda na Juma". Sentensi hii huweza kuwa na maana kwamba kundi letu lilifuatana na Juma, lakini huweza pia kuwa na maana ya "mimi na Juma tulikwenda", watu wawili tu. Katika maana hii ya pili, tu- imekwisha kumhesabu Juma ndani yake. Mfasiri asiyeujua muundo huu atawaongeza safarini watu ambao hawakuwapo.

7. "Wewe" na adabu

Katika makala yao ya mwaka 1960 juu ya viwakilishi vya mamlaka na udugu, Roger Brown na Albert Gilman walieleza jinsi lugha nyingi za Ulaya zilivyopata nafsi ya pili za aina mbili, moja ya ukaribu na moja ya heshima, kama "tu" na "vous" za Kifaransa. Katika lugha hizo wingi hutumiwa kwa mtu mmoja ili kumtukuza. Kiingereza nacho kilikuwa na "thou" kwa mmoja, mpaka "you" ya wingi ilipolisukuma nje ya matumizi ya kawaida. Miongoni mwa lugha za Kibantu, Kichewa hufanya vivyo hivyo: mtu mzima huulizwa "Muli bwanji?" kwa wingi, na mtoto au rafiki "Uli bwanji?"

Kiswahili hakina desturi hiyo, na kwa ajili hiyo wageni wengine wamekidhania kuwa lugha isiyo na heshima katika viwakilishi vyake. Dhana hii imetokana na kutazama tabaka moja tu. Mswahili anaweza kumwambia mzee "Umeamkaje?" bila ya kosa lolote, kwa kuwa u- haina ukali. Heshima huwekwa katika neno la kuitia: "Shikamoo, mzee", "Mama, umekula?", "Bibi, unakwenda wapi?" Majina ya ujamaa na ya vyeo ndiyo yanayofanya kazi iliyopewa "vous" katika Kifaransa.

Lakini kiwakilishi huru kina hatari yake. "Unaitwa nani?" ni swali la kawaida. "Wewe unaitwa nani?" likiulizwa mtu mzima, pasipo wengine wa kupambanuliwa naye, lina harufu ya mahojiano. Na "Wewe!" peke yake, kwa mtu asiyekuwa mtoto au rafiki wa karibu, ni tusi dogo. Sababu yake ni ile ile iliyoelezwa katika sehemu ya pili: neno huru hukaza, na kumkaza mtu ni kama kumnyoshea kidole. Mgeni aliyefundishwa kwamba "you" ni "wewe" huanza kila sentensi kwa neno hilo, akidhani amesema lugha kamili, na huku anayeambiwa anajizuia asikasirike. Mgeni huyo hakukosa adabu. Alidanganywa na jedwali.

8. Hitimisho

Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Wanaojifunza sarufi yake ni wengi, na wengi wao wanatoka katika nyumba zisemazo lugha nyingine. Lugha hizo zinaweza kuwa msaada mkubwa zaidi kuliko Kiingereza katika somo hili. Mtoto asemaye Kidholuo au Kikuyu hana haja ya kuambiwa kwamba nafsi imo ndani ya kitenzi. Anajua tangu utotoni. Anachofanyiwa darasani ni kusahaulishwa, kwa kupitishwa katika Kiingereza ili afike kwenye Kiswahili.

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yanapendekezwa. La kwanza, somo la nafsi lianze na kitenzi, na viambishi vya kiima na vya yambwa vitangulie maneno huru. La pili, jedwali la viwakilishi liwe na safu za tabaka zote mbili, mimi kando ya ni- na -ni-, wewe kando ya u- na -ku-, na kadhalika, na nafsi ya tatu ionyeshwe pamoja na ngeli zote. La tatu, lugha inapolinganishwa na nyingine, tabaka ilinganishwe na tabaka iliyo sawa nayo: "je" na ni-, "moi" na mimi, "an" na mimi, a- ya Kidholuo na ni-. Mwalimu atakayefuata utaratibu huu ataweza kumweleza mwanafunzi kwa nini "mimi" tatu katika aya moja ni nyingi mno, badala ya kumwandikia tu kwamba lugha si fasaha.